Chupa Moja ya Dawa, Kitanda cha Watu Wanne

Wahenga wetu walisema upele humwota asiye na kucha. Walikusudia habari ya bahati inayomwangukia mtu asiyejua kuitumia, lakini mfano wenyewe waliuchukua mahali walipopajua vizuri: kitandani, usiku wa manane, mtu anapojikuna hata ngozi ikachubuka na nafuu asiipate. Ni ajabu basi kwamba maradhi yaliyozoeleka katika kila nyumba kiasi cha kuingia katika methali bado hayajapata nafasi yanayostahili katika mipango yetu ya afya. Leo tumeazimia kuyasemea, na maneno yetu tunayaelekeza kwa wananchi wa visiwa hivi na kwa wakuu waliokabidhiwa dhamana ya kugawa dawa.

Tumeona vyema tuanzie mbali na bahari. Mlangali ni kata ya Wilaya ya Ludewa, katika Mkoa wa Njombe, huko nyanda za juu za kusini mwa Tanzania Bara. Ni nchi ya milima, mahindi na viazi, na mwezi Juni na Julai ubaridi wake humfanya mtu wa pwani atafute koti la pili. Msomaji wetu wa Wete au Makunduchi aweza kuuliza Mlangali inamhusu nini. Tunamjibu kwamba inamhusu sana, kwa kuwa hapa kwetu imani iliyoenea ni kuwa upele ni mtoto wa joto, jasho na uchafu. Lau ingekuwa hivyo, mtu wa Mlangali asingeujua. Lakini milimani nako watoto hujikuna usiku, nako mama huamka na kibatari akatazama vidole vya mwanawe, nako wanafunzi wa mabweni huingia darasani macho yakiwa mazito kwa kukosa usingizi. Joto halina hatia katika shauri hili, na maji ya kuoga nayo yamebebeshwa lawama isiyo yao.

Mkosaji ni kidudu cha jamii ya kupe na utitiri, kidogo hata jicho la kawaida halimwoni isipokuwa kama chembe tu. Jike lake huchimba njia katika tabaka la juu la ngozi na kutaga humo mayai mawili au matatu kila siku. Mayai huanguliwa kwa siku tatu au nne, na muda wa wiki mbili haujapita kizazi kipya kimekwisha kukomaa. Jambo hili si habari ya jana. Mwaka 1687 Waitalia wawili, Giovanni Cosimo Bonomo, tabibu, na Diacinto Cestoni, muuza dawa, walikwisha kumtoa kidudu huyo katika ngozi ya mgonjwa, wakamtazama kwa kioo cha kukuzia na kumwandikia mwanachuoni Francesco Redi waliyoyaona. Upele ni miongoni mwa maradhi ya mwanzo kabisa ya binadamu ambayo asili yake ilijulikana bayana. Miaka zaidi ya mia tatu imepita, na bado tunawaambia wagonjwa wakaoge.

Kwa nini mwasho uzidi usiku? Mtu anapojifunika mwili hupata joto na damu huja juu ya ngozi. Homoni ya mwili inayotuliza uvimbe nayo hushuka kiwango chake nyakati hizo. Tena mchana mtu ana shughuli zake, ama jembe, ama daftari, ama biashara, na usiku hana kitu cha kumsahaulisha. Mwasho wenyewe hautokani na kuumwa hasa, bali ni mwili unaokikataa kidudu, mayai yake na kinyesi chake. Ndiyo maana anayeambukizwa kwa mara ya kwanza hukaa wiki nne hadi sita asihisi lolote, na katika wiki hizo huwagawia wenzake bila kujua. Anayeambukizwa mara ya pili huanza kujikuna baada ya siku chache tu.

Hatusemi kwamba kila ajikunaye usiku ana upele. Wapo kunguni, ambao huuma sehemu zilizo wazi na mara nyingi huacha alama zilizofuatana kama mstari. Ipo pumu ya ngozi, inayopenda mikunjo ya viwiko na magoti, na ambayo hewa kavu ya baridi ya Njombe huizidisha. Ipo harara ya watoto wetu wa pwani nyakati za joto. Yapo pia maradhi ya ini na ya figo, ambayo humwasha mtu mwili mzima bila kipele hata kimoja, na vipele vya mwasho vinavyoandama upungufu wa kinga mwilini. Katika Mkoa wa Njombe, ambako uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 na 2023 ulikuta asilimia 12.7 ya watu wa umri wa miaka 15 na kuendelea wakiishi na virusi vya UKIMWI, mganga mwenye busara halipuuzi jambo hilo. Upele wenyewe una alama zake: hupenda katikati ya vidole, vifundo vya mikono, makwapa, kiunoni, matakoni na sehemu za siri, na kwa watoto wachanga hata nyayo na kichwa. Lakini alama iliyo kubwa kuliko zote hutaipata katika mwili wa mgonjwa. Ulizia nyumbani kwake. Ukisikia kwamba na mdogo wake anajikuna, na mama yao anajikuna, na bibi alianza wiki iliyopita, basi umekwisha kuupata ugonjwa wenyewe.

Hapa ndipo penye shina la neno letu. Upele ni ugonjwa wa nyumba, nasi tunautibu kama ugonjwa wa mtu. Mama humpeleka mtoto mmoja zahanati, yule anayelia zaidi. Mtoto huandikwa jina daftarini na kupewa chupa moja ya dawa, pengine baada ya mama kuambiwa akainunue dukani. Jioni hupakwa, kisha hulazwa palepale alipolala jana, katikati ya ndugu zake watatu ambao hawakupakwa kitu. Baada ya wiki chache mwasho umerudi, na mama husema dawa ni mbovu. Dawa si mbovu. Daftari la zahanati linamjua mgonjwa, lakini kitanda chake halikijui.

Yafaa tukumbushe jaribio lililofanywa Uingereza wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Upele ulikuwa umeenea jeshini, na wakuu waliamini kwamba mablanketi ndiyo yanayousambaza, hata wakawa wanayatakasa kwa gharama kubwa. Mtaalamu wa wadudu aitwaye Kenneth Mellanby aliwakusanya katika mji wa Sheffield, kuanzia mwaka 1941, vijana waliokataa kushika silaha kwa sababu ya dhamiri zao, nao wakakubali kwa hiari yao kulala katika mablanketi na kuvaa nguo za ndani za wagonjwa. Walioambukizwa kwa njia hiyo walikuwa wachache mno. Walipolala kitanda kimoja na mgonjwa, ngozi kwa ngozi, mambo yalibadilika. Aliwahesabu pia wale vidudu, akaona kwamba mgonjwa wa kawaida huwa na vidudu vilivyokomaa yapata kumi na kimoja tu, vinavyotosha kumkesha mtu miezi kadhaa.

Mambo hayo tukiyapeleka Mlangali twaona kwamba blanketi limesingiziwa. Baridi haileti upele. Inachofanya ni kuwasogeza watu karibu. Watoto watatu au wanne hulala pamoja, wakabanana ili wapate joto, na kidudu kinachotembea taratibu hupata usiku kucha wa kuhama. Kwetu visiwani hakuna baridi hiyo, lakini kuna vyumba vidogo, chandarua kimoja kwa watoto wengi, na mabweni yaliyojaa kupita hesabu. Sababu ni mbili tofauti, na matokeo ni yaleyale. Kufua nguo na shuka na kuzianika juani ni jambo jema, na tunalihimiza, kwa kuwa kidudu huyu akitengwa na mwili wa mtu hufa katika siku mbili au tatu. Lakini mwenye kufua nguo zote na kumpaka dawa mtoto mmoja amefanya nusu ndogo ya kazi. (Yupo mgonjwa mmoja wa kutengwa na kanuni hii, naye ni yule ambaye ngozi yake imefanya magamba mazito kwa sababu ya udhaifu wa kinga. Huyo hubeba vidudu kwa maelfu, na nguo na shuka zake ni hatari kweli.)

Dawa zipo, na nyingine ni za kale. Lugha yetu yenyewe ni shahidi, kwani madini ya salfa tunayaita kibiriti upele, jina linaloonyesha kuwa wazee wetu walijua yatumike kwa nini. Marhamu ya salfa ingali dawa, na huweza kupewa hata mtoto mchanga na mama mjamzito. Ipo dawa ya maji meupe iitwayo benzili benzoeti, ambayo wengi huijua kwa herufi zake BBE, na ambayo kwa watoto haina budi kupunguzwa makali. Ipo permethrini ya kupaka, ambayo huachwa mwilini kwa saa nane hadi kumi na nne na kurudiwa baada ya wiki moja. Zote hupakwa mwili mzima tangu shingoni hadi nyayoni, katikati ya vidole, chini ya kucha, kitovuni na sehemu za siri. Anayepaka palipowasha tu hajapaka. Na baada ya matibabu sahihi mwasho waweza kuendelea kwa wiki mbili hadi nne, kwa sababu mabaki ya vidudu bado yamo ngozini. Mgonjwa asipoelezwa hilo hupaka tena na tena mpaka dawa yenyewe ikamuunguza, kisha huona ana upele mpya.

Hatuna budi kusema pia juu ya dawa zisizo dawa. Mafuta ya taa na sumu za kuulia wadudu wa shambani havipaswi kuigusa ngozi ya mtoto. Marhamu za steroidi ziuzwazo ovyo madukani, zikiwemo zile za kujichubua, hutuliza mwasho kwa siku chache huku vidudu vikiendelea kuzaana, hata tabibu akashindwa kuutambua ugonjwa. Na dawa ya kuwachoma ng'ombe haikupimwa kwa mwili wa binadamu, hata kama jina la chupani linafanana na la kidonge cha watu.

Kidonge hicho ni ivermektini, nacho ndicho kiungo kati ya Mlangali na visiwa hivi. Ludewa ni miongoni mwa wilaya za Bara zinazosumbuliwa na ugonjwa wa usubi, unaoenezwa na nzi wadogo wa mito iendayo kasi, na ambao nao huwasha ngozi vibaya sana kabla ya kumpofusha mtu. Kwa ajili ya ugonjwa huo ivermektini hugawiwa vijijini bila malipo, kwa kuwa kampuni ya Merck ilitangaza mwaka 1987 kwamba itaitoa bure kwa kadiri itakavyohitajiwa. Hapa Zanzibar kidonge hichohicho kiligawiwa pamoja na albendazoli, kuanzia mwaka 2001, ili kupambana na matende na mabusha. Wananchi walimeza, mwaka baada ya mwaka, Unguja na Pemba. Baadaye watafiti walizipitia kumbukumbu za vituo vya afya, na katika ripoti waliyoitoa mwaka 2012 walionyesha kwamba wagonjwa wa minyoo na wa upele waliofika vituoni walikuwa wamepungua sana katika miaka ya ugawaji. Hakuna aliyekuwa ameutangazia upele vita. Ulipungua kwa sababu siku moja watu wa nyumba nzima, na mtaa mzima, walimeza dawa pamoja.

Hilo ndilo lililothibitishwa baadaye na wenzetu wa visiwa vya Fiji, katika Bahari ya Pasifiki. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, jamii moja ya visiwani ilipewa ivermektini watu wote, wawe wanajikuna au hawajikuni, na upele ukashuka kutoka asilimia 32.1 hadi asilimia 1.9 katika mwaka mmoja. Jamii nyingine ilitibiwa kwa desturi tuliyoizoea, yaani wagonjwa na waliowagusa tu, kwa permethrini. Huko upele ulitoka asilimia 36.6 ukafika asilimia 18.8. Dawa ya pili si duni, lakini waliopakwa walirudi kulala na wasiopakwa.

Mwaka 2017 Shirika la Afya Duniani liliuingiza upele katika orodha ya magonjwa ya nchi za joto yaliyosahauliwa, na mwaka 2019 ivermektini ikaongezwa kuwa dawa muhimu kwa upele. Wataalamu waliokutana mwaka huohuo walipendekeza kwamba, mahali ambapo watu kumi au zaidi katika kila mia wana upele, jamii nzima itibiwe. Kidonge hicho hakipewi watoto wenye uzito chini ya kilo 15 wala wajawazito, na hao ndio wanaostahili kuhifadhiwa zile dawa za kupaka. Tunalitaja hili kwa sababu ugawaji wa dawa ya matende haukukusudiwa kudumu milele. Siku lengo lake linapofikiwa husimamishwa, na ulinzi uliokuja bila kuombwa huondoka bila kuaga.

Pengine mkuu mmoja atasema kwamba mwasho hauui, na kwamba fedha ni chache na malaria ingalipo. Tunaheshimu hesabu zake, lakini hazijakamilika. Ngozi iliyokunwa hupasuka, na mipasuko hiyo hupitisha vijidudu vya bakteria. Vidonda vya usaha vya mtoto vyaweza kuishia katika kuharibu figo zake. Mtoto asiyelala hasomi. Na msichana wa bweni aliyeonekana ana vipele huitwa mchafu mbele ya wenzake, akarudishwa nyumbani peke yake, huku wenzake wa chumbani walioambukizwa tayari wakibaki palepale, kisha atakaporudi amepona wanamwambukiza upya.

Wapo wazee wanaokumbuka kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, wakati wananchi wa Bara walipokusanyika vijijini kuzizunguka redio, wakasikiliza na kujadiliana, kisha wakaenda kuchimba vyoo. Jambo lililofanikisha kampeni ile lilikuwa wepesi wa kazi yake na ukweli kwamba kila mtu aliifanya wakati mmoja na jirani yake. Upele wataka mwendo huohuo. Sheha awaambie watu wa shehia, mwenyekiti wa kijiji cha Mlangali awaambie watu wake, kwamba jioni ya Ijumaa fulani kila aliye chini ya paa lenye mgonjwa atapakwa au atameza, na baada ya wiki watarudia. Kwa mabweni tunapendekeza hivyohivyo: anapoonekana mwanafunzi mmoja, litibiwe bweni zima usiku mmoja, pamoja na matroni, wala mwanafunzi asifukuzwe.

Kwa Wizara mbili za Afya, ya Visiwani na ya Muungano, tuna maombi ambayo hayahitaji majengo mapya. La kwanza ni kwamba mganga wa zahanati aruhusiwe, na aagizwe, kutoa dawa kwa hesabu ya watu wanaolala pamoja na mgonjwa. Swali la kwanza liwe: mnalala wangapi? Chupa ya mililita 100 haiwatoshi watu sita kupakwa mwili mzima mara mbili, na mama ambaye amepewa chupa moja ameamriwa achague ni mtoto yupi apone. La pili ni kwamba, kabla ya kusimamisha ugawaji wa ivermektini mahali popote, iwe ni kwa matende huku au kwa usubi kule Ludewa, ngozi za watoto zitazamwe shuleni na idadi iandikwe, kisha zitazamwe tena baada ya mwaka. Kazi hiyo haihitaji maabara. Mwuguzi aliyefundishwa, dirisha lenye mwanga na daftari vinatosha kuianza.

Bajeti ya dawa hupangwa kwa kutazama matumizi ya mwaka uliopita. Mahali ambapo chupa mia moja zilitolewa kwa wagonjwa mia moja, zitaagizwa tena mia moja, hata kama wagonjwa hao walilala na watu mia nne. Tungependa kuona tarakimu hiyo ya pili ikiandikwa katika maombi ya dawa ya mwaka ujao, na tungependa kujua ni ofisi gani itakayokuwa ya kwanza kuiandika.